Besdei ya sinema uani, na mvua ya kwanza

Mwenye makosa ni mdogo wangu. Anaishi Marekani, jimbo la Minnesota, ana mtoto aliyepishana wiki chache tu na kitindamimba wangu, na mwaka juzi mwezi wa kumi akaturushia vidio ya besdei ya mwanae: wamefunga shuka jeupe nyuma ya nyumba, watoto wamejifunika mablanketi kama wana homa, wanaangalia katuni huku wanapuliza vikombe vya kitu cha moto, pembeni maboga yamepangwa mstari, na majani mekundu yanadondoka taratibu kama kuna mtu juu ya mti kalipwa kuyarusha. Binti yangu aliiangalia hiyo vidio mpaka bando la mwezi likakata tarehe 12. Halafu akanifuata jikoni. "Mama, na mimi nataka besdei ya sinema. Ya nje. Na majani mekundu."

Nikamwambia sawa, mwakani. Kila mzazi anaijua hiyo mwakani.

Sasa huyu mtoto hajui alikoweka kiatu cha kushoto jana jioni, ila hiyo ahadi kaitunza mwaka mzima kama mhasibu wa vikoba. Mwezi wa tisa ulipoingia tu akaanza kuhesabu siku. Anatimiza miaka 6 tarehe za mwishoni mwishoni mwa mwezi wa kumi, baba yake nikimwangalia anaangalia simu, basi nikajua hapa nimekwisha, hii sherehe ipo.

Nikaanza kufikiria, na kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba wenzetu wale hawafanyi hivyo kwa urembo tu. Kule Minnesota mwezi wa sita jua linazama saa 3 usiku, mtoto wa miaka 5 ameshalala au ameshaanza kulia na giza bado, sinema ya nje utaionyesha saa ngapi? Ikifika mwishoni mwa mwezi wa kumi giza linaingia kwenye saa 12 jioni, watoto bado wana akili zao timamu, na baridi haijawa ile ya kugandisha maziwa. Kwa hiyo huo msimu wao wa majani kudondoka ndio msimu wenyewe wa mambo haya. Sisi Tabora jua halina hayo mapozi, mwaka mzima linazama kuanzia saa 12 na nusu na kitu mpaka saa 1 na kitu, ukichelewa sana ni tofauti ya nusu saa. Giza tunalo kila siku. Shida yetu ni nyingine, ni mawingu.

Maana ukifungua kamusi utakuta huo msimu wao umeandikwa "vuli", na hapo ndipo mtu anapopotea njia. Vuli ya kwetu Tanzania ni mvua, zile za mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili za wenzetu wa pwani na kaskazini na kule ziwa Victoria. Sisi wa Tabora hata hiyo vuli hatuna, wala masika, tuna mvua za msimu, msimu mmoja tu, Novemba mpaka Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa huwa inatutangazia utabiri wetu kivyetu. Mwezi wa kumi ni joto la kupikia, vumbi, na maembe yanaanza. Besdei ya binti yangu inakaa pale pale mlangoni, siku yoyote kuanzia hapo mvua ya kwanza inaweza kupiga hodi au ikakuacha unaisubiri wiki tatu. Nilijua hilo. Nikajipa moyo, nikapanga Jumamosi ya kwanza ya Novemba, maana kabla ya hapo mshahara haujaingia.

Majani mekundu lakini tulipata, na hii nataka niielezee maana hata mimi nimezaliwa hapa na sikuwahi kuiwaza. Mwezi wa tisa tulikwenda Sikonge kwenye msiba, njiani msitu wote wa miombo ulikuwa mwekundu, mwekundu wa shaba hivi, mwingine wa zambarau, na binti yangu kashika kioo cha gari anapiga kelele "Mama, majani ya Marekani!" Na mvua hata tone halijadondoka. Kumbe miombo ndivyo ilivyo, inachipua wiki kadhaa kabla ya mvua, na jani lake changa linatoka jekundu, likikomaa ndio linakuwa kijani. Yaani kule kwao jani jekundu ni jani linaloaga, kwetu ni kichanga. Nilimweleza hivyo akaniangalia tu. Tukachuma mafungu mawili, tukayabana kwenye madaftari ya kaka yake yakauke vizuri, na siku ya sherehe tulipoyafungua yalikuwa ya kahawia kama tumbaku iliyotoka banini. Akalia kidogo. Nikamwambia tutayapaka rangi ya midomo, akacheka, tukaishia hapo.

Turudi kwenye mipango. Projekta nilikodi kwa kijana mmoja karibu na stendi ambaye kazi yake ni kukodisha kwa makanisa na semina. Akaniuliza, "Dada, ni semina ya nini?" Nikamwambia besdei ya mtoto wa miaka sita. Akanyamaza kidogo, akaniongezea waya mmoja bure, nadhani ni huruma. Ila alinisaidia sana aliponiambia nisije nikaijaribu mchana nikadhani mbovu nikamrudishia, hizi projekta ndogo mwanga wake haushindani na jua, hata saa 12 jioni utaona vivuli vivuli tu, subiri giza lishike.

Kwa hiyo Ijumaa usiku tukafanya majaribio, na hii hatua usiiruke hata kama umechoka vipi. Shuka la sita kwa sita tulilining'iniza kwenye kamba ya kuanikia kwa vibanio, upepo kidogo tu likavimba, katuni wote wakaota vitambi. Tukafunga pembe za chini kwenye matofali tukalivuta, likanyooka. Sabufa tuliiweka karibu na projekta kwa sababu waya ulikuwa mfupi, na nikaona hata sisi watu wazima tunageuka nyuma kila mtu akiongea, maana sauti inatoka mgongoni na picha ipo mbele, tukaihamishia chini ya shuka. Waya wa umeme tukaupitisha ukutani juu kwa juu, sio chini, watoto na waya na uwanja ambao unaweza kulowa hivyo vitu havikai pamoja. Mpaka hapo raha tupu. Halafu jirani akawasha taa yake ya ulinzi.

Ile taa jamani. Inamulika uani kwake, kwetu, na nadhani hata ndege zinaiona. Picha yote ikafutika.

Ikabidi Jumamosi asubuhi niende na sahani ya maandazi. Ni mzee wa heshima zake, mstaafu wa reli, ukifika unaanza na shikamoo mzee, marahaba mwanangu, habari za asubuhi, za wajukuu, ukimaliza hapo unakaa, ndio unasema ulichojia. Nikamwomba azime taa saa moja tu, kuanzia saa 1 mpaka saa 2. Akafikiria. "Na wezi je?" Nikamwambia mzee, uani kwangu kutakuwa na watoto 12, mwizi gani atapita hapo. Akasema basi atakuja na kiti chake kulinda mwenyewe. Na kweli alikuja, saa 12 kamili, na kiti na tochi na koti la mvua. Koti la mvua ndilo lingetakiwa kunishtua.

Watoto 12 ndio tulioalika, kwa sababu nilipiga hesabu majamvi mawili yanaingiza sita sita. Kijana wangu wa miaka 13 alikata tiketi kwenye maboksi ya sabuni, akaandika SINEMA UANI, namba ya jamvi, na chini HAIREJESHWI, sijui hata alilitoa wapi hilo neno, akajipa cheo cha mkata tiketi na kofia ya baba yake. Kamera ya boksi, khanga nyekundu ya kupita juu yake kama mastaa, hayo yote aliyafanya yeye na binamu zake nusu siku, sina cha kueleza zaidi ya kwamba khanga yenyewe ni yangu na hawakuniomba.

Kuchagua sinema ndiyo kazi niliyoipa akili zaidi. Watu wanaweka filamu nzima ya saa moja na nusu halafu wanashangaa kwa nini watoto wanapigana. Mtoto wa miaka mitano sita ukimpa dakika 20 anakaa, dakika 30 anajikuna, dakika 40 anataka kukojoa, na akienda mmoja wanakwenda wote. Nikapakua katuni fupi tatu, mbili za dakika 10 na moja ya dakika 25, nikaziweka kwenye fleshi, maana kutegemea mtandao siku ya shughuli ni kujitafutia presha. Tuanze saa 1 usiku giza likishaiva, saa 2 watu wameagwa, kuna wanaorudi kwa miguu na kuna wanaobebwa wamelala. Lugha ndio kikwazo, zote Kiingereza, na hawa wa darasa la awali Kiingereza chao ni cha "gudi moning ticha". Hapo nikamkumbuka kaka yangu.

Sisi tuliokua Tabora miaka ya tisini sinema tulizionea kwenye kibanda umiza, mabenchi, jasho, mlango wa gunia, mia yako mkononi. Na enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, mtu ulikuwa huangalii picha, unasikiliza anavyoitafsiri, Mchina anapigana kule yeye anakusimulia kama ugomvi wa mtaani kwenu, na anaongeza chumvi mpaka unajiuliza kama hiyo filamu wenyewe wanaijua. Kaka yangu alikuwa anatoroka shule kwa ajili ya hiyo sauti, alichapwa sana, na hakuacha. Nikampigia: "Kaka, kuna kazi ya kutafsiri." Akauliza kiingilio bei gani.

Bisi nilipika mwenyewe, sitaki za kununua zimelala kwenye mfuko tangu juzi. Sufuria nzito, mafuta kijiko, kikombe cha chai kimoja cha mahindi ya bisi, mfuniko, unatikisa juu ya mkaa usio mkali. Mwanzoni kimya, unajidanganya umeuziwa mbegu mbovu, halafu moja inapiga mfuniko, ta, halafu nyingine, halafu mvua ya mawe. Ukisikia zimeanza kupiga kwa kuachana unaipua hapo hapo, usisubiri ya mwisho, ya mwisho ndiyo inayounguza wenzake. Kikombe kimoja kinajaza sufuria, nilipika vinne nikakosa pa kuweka. Nusu nikaweka chumvi, nusu nikazungushia asali ya moto, ya kwetu hii ya miombo, nyeusi, inayokwaruza koo. Wale wadogo chini ya miaka minne sikuwapa bisi kabisa wala karanga nzima, zinakaba, mtoto anacheka mdomo umejaa na gizani huoni, hao nikawakatia embe na ndizi. Kitu cha moto cha kunywa kama cha Minnesota, kwa joto lile? Juisi ya embe yenye barafu. Na pilau, kwa sababu besdei bila pilau ni mkutano wa hadhara.

Saa 8 mchana kila kitu kipo tayari. Shuka limepigwa pasi, limefungwa, matofali yamekaa, nimeoga. Nikatoka nje na kikombe cha chai kuangalia kazi yangu.

Saa 9 kasoro upepo ukabadilika. Ukiwa mtu wa huku hata huhitaji kuangalia juu, unasikia ubaridi shingoni na harufu ya udongo ambao umelowa mahali pengine. Nikasema hapana. Mama yangu (kila mtu pale nyumbani anamwita Bibi, mpaka baba watoto) alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchele, akasema "Hiyo hapo" bila kuinua kichwa, na tone la kwanza likadondoka kwenye chai yangu.

Ilipiga dakika 40. Mvua ya kwanza ya mwaka, ile watu wanaipokea kwa vigelegele, na mimi nimesimama mlangoni natamani kuitukana na siwezi, maana ni baraka na majirani wana mashamba. Keki iliwahiwa. Majamvi yaliwahiwa. Shuka hatukuliwahi, lilivyokuwa limefungwa chini kwa matofali ndivyo lilivyokaa likarushiwa tope lote la ardhi, na kwa sababu vumbi la miezi sita ndio lilikuwa linaoshwa siku hiyo kutoka kwenye bati, juu nako likapata michirizi. Binti yangu alikuwa dirishani, hajalia, hilo ndilo lililonitisha.

Bibi akainuka, akaingia chumbani kwake, akarudi na shuka lake la kudarizi. Jeupe kabisa, la zamani, lina waridi moja kubwa kwenye kona limeshonwa kwa uzi mwekundu. Akampa mjukuu wake mkononi. "Shika, mke mwenzangu. Ukilichafua utanifulia." Na ndio maana kwenye sinema yetu kila mhusika aliyepita kona ya chini kushoto alivaa ua.

Bibi huyo huyo ndiye aliyenitolea kitenge cheusi nilichokuwa nimekipanga nyuma ya shuka ili mwanga usipotee. "Wa upande wa pili wataonaje?" Akatusimulia kwamba alipokuwa msichana sinema ilikuja kwa gari, inasimama uwanja wa shule, wanafunga shuka kati ya miti miwili, watu wanakaa pande zote mbili, waliokuwa nyuma wanaona kila mtu anatumia mkono wa kushoto na hakuna aliyelalamika. Mambo ya kuzungusha sinema na lori nchi hii ni ya zamani kuliko hata yeye, wakoloni walikuwa na mradi wa filamu za mafunzo mwaka 1935 mpaka 1937, kambi yake ilikuwa Vugiri kule Tanga. Nilibisha kidogo kuhusu kitenge, nikanyamaza, na nilishukuru Mungu baadaye, maana wageni 12 walifika 31.

Mtaa wetu wa Isevya ukiwasha sabufa umeshaalika. Kijana wangu kashikilia geti na kofia yake, "tiketi yako iko wapi," na nje kuna mstari wa watoto peku peku miguu imejaa tope, wametulia kama wanasubiri chanjo. Bibi akamwita. "Baba, njoo. Mtoto wa jirani anaulizwa tiketi?" Akaona aibu, lakini cheo hakukiachia, akakaa chini akaanza kuwakatia tiketi mpya kwa peni, mmoja mmoja, 19, na kila mmoja akaichana mwenyewe mlangoni kwa utaratibu. Nusu wakakaa mbele, nusu nyuma ya shuka. Pilau ikapakuliwa kwenye visosa badala ya sahani. Umeme, wenye Tabora yao wananielewa, nilikuwa nimeazima betri ya sola ya shemeji kwa ajili yake, na siku hiyo haukukatika hata sekunde. Maajabu.

Saa 1 na dakika 10 baba watoto akazima taa zote, mzee wa jirani akapiga simu kwake taa ya ulinzi ikazimwa, projekta ikawaka. Kaka yangu kashika maiki karibu na sabufa. Kwenye shuka kuna sungura anatoka shimoni anajinyoosha, na kaka anaanza, kwa ile sauti: "Naaam! Huyu ndiye sungura mtoto wa Isevya, ameamka, hajanawa uso, anawaza madeni!" Watoto wakapasuka. Sungura anakutana na mbweha, mbweha akawa dalali wa Soko Kuu. Sungura anakimbia, "anawahi treni ya Mwanza, na treni yenyewe imechelewa!" Hapo mzee wa reli akacheka mpaka kiti kikalia. Binti yangu alikuwa katikati ya jamvi la mbele na bisi zake za asali, hajaweka hata moja mdomoni, mdomo wazi tu.

Katuni ya pili, dakika ya tatu au ya nne, akaja mmoja. Akatua kwenye shavu la sungura, akatembea mpaka puani, akasimama. Kaka yangu: "Sungura kaota kipele." Wakaja wawili. Halafu mmoja akapita mbele ya kioo cha projekta, kivuli chake kikatokea kwenye shuka kikubwa kama mbuzi mwenye mbawa, watoto wakapiga yowe, nusu la furaha. Mi bado najiambia ni wadudu tu watapita.

Kumbikumbi. Nilisahau kabisa, na nimezaliwa hapa! Mvua ya kwanza ikilowesha ardhi, mchwa wenye mbawa wanatoka vichuguuni kwenda kuoana, wanatafuta mwanga, na mimi nimezima taa za nyumba mbili nikaacha mwanga mmoja tu mweupe mtaa mzima, tena mbele ya shuka jeupe la sita kwa sita. Hata ningetaka kuwaalika nisingeweza kufanya vizuri zaidi. Ndani ya dakika tano shuka lilikuwa linatambaa. Sungura haonekani. Kaka yangu hakunyamaza lakini, "Jeshi la anga limeingia, sungura anaomba radhi," anatafsiri kumbikumbi sasa. Mtoto mmoja mgeni, wametoka Dar juzi juzi tu, akapanda juu ya meza karibu na keki analia anaita mama yake. Wengine wote wameshasimama, mikono juu.

Bibi kaja na sauti yake. "Zimeni hayo makelele, nileteeni beseni na maji."

"Mama, sinema haijaisha," nikamwambia.

"Sinema si iko kwenye hicho kidude chenu? Kesho itakuwepo. Hawa kesho hawapo."

Nikaleta beseni. Likaletwa la pili, likaletwa karai, vikawekwa chini ya shuka na maji kidogo, baba watoto akaiweka projekta ionyeshe weupe mtupu, na kazi ikaanza. Wanagonga shuka, wanateleza, wanadondoka majini, mbawa zinalowa, hawaruki tena. Watoto 31 wamezunguka mabeseni, wale wadogo wanaokota waliodondoka jamvini, mbawa zinawatoka wenyewe zinapeperuka kwenye ule mwanga, nyingi, taratibu, zinang'aa. Ndipo mdogo wangu akapiga simu ya vidio kutoka Minnesota kumtakia mtoto heri, kwake ilikuwa mchana, nikageuza simu aone. Akaangalia. "Jamani, majani yamedondoka kweli! Mmeyatoa wapi?" Nikamwambia angalia vizuri. Akasogeza uso. Akanyamaza muda mrefu kidogo, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mnakaanga leo leo?"

Tulikaanga leo leo. Bibi aliwapepeta kwenye ungo mbawa zikatoka, akawatia kwenye kikaango kikavu, mafuta hayahitajiki kabisa maana wanayo ya kwao, chumvi kidogo, na ile harufu ikatoka, kama karanga, kama siagi, mzee wa jirani akainuka kwenye ulinzi wake bila kuitwa. Tukawachanganya kwenye bisi za chumvi. Yule mtoto wa Dar alishuka mezani mwenyewe, akaonja mmoja akiwa amefumba macho, na nilipomwona tena alikuwa na sahani.

Saa 2 tuliyopanga ilipita bila mtu kuikumbuka. Keki ilikatwa saa 2 na nusu, wakalishana, na sasa kama mnavyojua besdei ya kwetu lazima mwenye besdei amwagiwe maji, mi nilikuwa nimelipiga marufuku hilo tangu asubuhi kwa sababu ya umeme na projekta, nimeficha ndoo zote stoo, funguo ninayo. Beseni sikulifikiria. Mwanangu wa kiume na binamu zake walilinyanyua lile la kwanza, kumbikumbi wameshatolewa ila mbawa zote zimebaki zinaelea, wakamfuata mdogo wao kwa nyuma mbali na waya, angalau hilo walikumbuka, na wakammwagia lote kichwani.

Akasimama hapo. Gauni jipya, mbawa zimemganda usoni, mikononi, kwenye nywele nilizomsuka saa nne nzima, kama malaika aliyekosewa kushonwa. Akajiangalia mkono mmoja, akaangalia wa pili. Akasema, "Tena."

Katuni ya tatu hatujaionyesha mpaka leo. Shuka la Bibi nilifua mara mbili, waridi lipo salama.

Jumatatu nikarudisha projekta. Nilikuwa nimeipuliza, nimeifuta kwa kitambaa, nikaona iko safi. Yule kijana akaigeuza, akaigonga kidogo chini pale penye feni, na mbawa zikamwagika mezani kwake, kiganja kizima. Mi nimeshashika pochi naandaa maneno ya kuomba msamaha. Akazikusanya kwa kidole, akaziangalia, akaniangalia.

"Dada," akasema, "na wenyewe mmewala peke yenu?"